Jicho la Kushoto la Meja

Jicho la Meja liliwaka kijani. Daktari Jedidah alikuwa amelowesha kikaratasi cha rangi ya chungwa, akakigusisha ndani ya kope, akangoja farasi apepese mara kadhaa, kisha akammulika kwa kitochi chenye mwanga wa buluu. Pale katikati ya jicho la kushoto pakatokea mstari mwembamba wa kijani, umenyooka kana kwamba mtu ameuchora.

"Unaona? Rangi hushika palipochubuka tu," alisema.

"Si ulisema kidonda kimepona?"

"Kile kimepona. Hiki ni kipya, dada."

Nilikuwa nimeshika kamba ya Meja kwa mikono miwili, nikamtazama usoni kama mtu anayemwuliza mtoto ametoka kupigana na nani. Farasi akanipumulia tumboni. Mimi nilikuwa nimechoka kukisia.

Hapo ilikuwa Jumatano, siku yangu ya ofu, na daktari wetu alikuja Jumatano peke yake. Siku nyingine zote, ila Jumapili ya kanisa, nilikuwa Voi, kwenye kituo cha mafuta, na pampu mkononi tangu asubuhi. Naye daktari asubuhi alikuwa machinjioni akikagua nyama, na mchana alizunguka na ng'ombe wa watu hadi kwao Wusi milimani. Tulipopatana kwa simu ilikuwa vuta nikuvute: yeye ana nafasi mimi sina, mimi nimepata ruhusa yeye ameitwa kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Ndipo tukakubaliana Jumatano alasiri, ije mvua lije jua. Kumbe hapo ndipo tulipojipoteza wenyewe.

Farasi ni kitu cha ajabu kwetu Maungu. Punda tunao tele, wanabeba maji na kuni, lakini farasi! Kaka yangu Mulinge alipomleta, watu waliacha mbaazi zao mashambani waje kuuliza anakula nini, na kama anazaa na punda. Mulinge alikuwa mtunza farasi kwenye kambi moja ya watalii huko ranchi. Kambi ilipoacha biashara ya farasi, wengine waliuzwa, na huyu mzee wa rangi ya kahawia mwenye doa jeupe usoni akakosa mnunuzi. Wakataka kumpiga risasi. Mulinge akasema, kama ni hivyo nipeni mimi. Akamwongoza kwa miguu mpaka nyumbani, na mama akasimama mlangoni akasema, "Wooi, Mulinge, niliomba mkamwana, wewe waniletea farasi."

Baadaye kaka alipata kazi Voi, akawa anaenda na kurudi kwa pikipiki yake. Aliingilia kwenye pengo la ua lililotazama barabara, na jioni Meja alikuwa hapo kabla pikipiki haijazima. Sikuwa natilia maanani. Mtu huyaona mambo ya nyumbani kila siku na bado hayaoni.

Mwaka juzi, kaka aliondoka asubuhi moja akilalamika kichwa, akaanguka kazini, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Tulimzika Kibwezi kwa babu zetu. Pikipiki tulimuuzia Kitonga, kijana wa bodaboda wa hapohapo kwetu. Na lile pengo la ua mimi na mama tuliliziba. Ya nini kuliacha wazi, na hakuna tena wa kuingia na pikipiki? Tuling'oa mikonge iliyokwisha kukomaa mpakani, tukaipanda pale bega kwa bega, nasi tukawa tunapita kilango kidogo cha nyuma. Sisi Wakamba wa nchi kavu tukitaka kufunga mahali tunapanda mkonge, basi. Haulali njaa, hauibiwi, na mbuzi hausogelei.

Meja akabaki kuwa ndiye kitu pekee cha Mulinge kinachopumua. Mama hakutaka kusikia habari ya kumuuza. Alimpikia pumba, akamsimulia habari za kibanda chake cha chai pale stendi ya malori, akamgombeza kwa jina la marehemu bila kujua. Kwa hiyo jicho lilipoanza kutoa machozi na kufumba, halikuwa jicho la farasi tu. Daktari Jedidah alisema kidonda kikiingia ndani zaidi atalazimika kuling'oa, tena kwa umri ule dawa ya usingizi yenyewe yaweza kummaliza. Mama alisikia hayo akakaa chini palepale juu ya ndoo. "Basi usinimalizie mtoto," alimwambia.

Tulijaribu yote. Jirani alitushauri tutafune chumvi tumtemee jichoni, kama wawafanyiavyo punda wao, daktari akatupigia kelele kwa simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Tulimtia dawa ya tyubu asubuhi na jioni, mama akimshika masikio na kumwimbia nyimbo za kanisani. Nikaomba likizo ya wiki nzima, nikashinda naye, na jicho likapona kabisa. Daktari akaja na kikaratasi chake, asione kijani hata chembe. Tulifurahi tukachinja kuku.

Nikarudi kazini. Jumatano iliyofuata, ndiyo hiyo niliyoanza nayo: mstari mpya wa kijani.

"Nikiwepo anapona, nikiondoka anaumia," nilimwambia daktari. "Ananifanyia kusudi?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka upesi na kunyamaza upesi. "Dada, mimi farasi nilimsomea chuoni na nikamgusa siku ya mtihani. Lakini kusudi hawajui. Kuna kitu kinamchoma. Kitafute."

Basi nikawa mpelelezi. Nilipapasa hori lote kwa viganja nikitafuta misumari. Nilikata matawi ya mwarobaini yaliyoning'inia. Nikamshuku jogoo wa mama, ambaye alikuwa na tabia ya kupanda mgongoni mwa Meja kama mwenye nyumba, nikamfunga mguu siku nne, na mama akaninunia siku hizo zote. Haki ya Mungu, nilikuwa nalala nikimuwaza farasi na kuamka nikimuwaza farasi. Pale kazini nilimuuliza hata dereva wa lori la ng'ombe. Na ile mikonge? Niliipita kila siku. Meja alikuwa na uwanja mzima wa kuzunguka, na mbele ya mikonge hapakuwa na jani la kula. Hata mbuzi hawakwenda pale, sembuse farasi mwenye akili zake.

Jumatatu mama alinipigia simu kazini akilia. Jicho limekuwa jeupe kama ukoko wa uji. Nikampigia daktari. Akasema hilo halingoji Jumatano. Nami nilikuwa nimeomba ruhusa mara nyingi hata msimamizi wetu, Hillary, akinikuta nimesimama mlangoni pake husema "hapana" kabla sijafungua mdomo. Mwishowe daktari akaomba mwenzake amshikie zamu ya machinjioni. Angekuja kesho yake alfajiri, amtazame Meja, kisha mimi niwahi kazini. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuja siku ambayo si ya ofu yangu.

Alifika kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Mama alishakwenda kibandani kwake kuwasha moto. Nilivaa kabisa sare ya kazi, nikamshika Meja kamba, na daktari akainama na tochi yake. Kwa kawaida saa hiyo mimi huwa nimeshatoka kwa kilango cha nyuma, nimesimama njia panda nangoja Kitonga anifikishe barabara kuu. Siku hiyo nilimwambia asimame mbele ya ua wetu, pale anapopita kila siku ya kazi akija kunichukua.

Kwanza nikasikia ule mlio. Eksozi ya pikipiki ile ilipasuka tangu enzi za Mulinge, hukohoa kabla ya kunguruma. Masikio ya Meja yakasimama. Daktari akasema, "Tulia, mzee, tulia," na kabla hajamaliza kamba ilinichomoka mkononi ikanichuna kiganja. Farasi mzee ambaye sikumwona akikimbia tangu aje kwetu alikata uwanja mbio. Akafika pale tulipoziba, akaingiza kichwa katikati ya mikonge, akakisukuma na kukigeuza kuelekea upande inakotokea pikipiki, huku ncha za majani zikimsugua shavu la kushoto.

"Yesu wangu," daktari alisema. "Ni hapo!"

Tulimkimbilia. Daktari akamshika ukanda wa usoni, akamvuta polepole nyuma, huku akimsemesha. Kisha akanigeukia, anahema. "Kumbe kila siku anatoka kukuaga. Anakupenda huyu."

Nikataka kukubali. Ingekuwa tamu kukubali. Lakini nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimevaa sare yangu, na kamba iliyonichuna bado inaburuta miguuni pangu, naye hakunitazama hata mara moja.

"Mimi niko hapa, daktari," nilisema. "Si mimi anayemtafuta."

Upande wa pili wa mikonge Kitonga alikuwa amesimama, mguu mmoja chini, pikipiki ya kaka yangu inakohoa. "Sista, twende? Utachelewa," aliita. Nilikaa chini mchangani na sare yangu safi nikalia, na kwa Mulinge sikuwa nimelia vile hata Kibwezi kaburini. Daktari Jedidah alinishika bega kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaendelea kumshika Meja.

Kazini nilichelewa. Hillary alifungua kinywa anigombeze, akaniona macho, akaenda zake.

Jioni nilimweleza mama kibandani, akiwa anaosha vikombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakausha mikono kwa leso yake, kila kidole peke yake.

"Tulimfungia njia," alisema.

"Mama, hatukujua."

"Sijasema tulijua." Akachukua jembe la jirani wa kibanda, na tulipofika nyumbani hakuingia ndani. Aliing'oa mikonge yote, mmoja mmoja, akikataa nimsaidie, mpaka pengo likabaki wazi kama alivyoliacha mwanawe. Tukaweka mti mmoja tu wa kukingama.

Daktari alimshona Meja kope, akaifunga ili jicho lipumzike, akatuachia dawa. Lakini kila asubuhi pikipiki ikikohoa, alikwenda pengoni akasimama, shingo amenyoosha, mpaka sauti ipotee. Mama hakuweza kuvumilia kumtazama. Jumapili moja baada ya kanisa nilimpigia Kitonga simu.

"Unaenda wapi leo, sista?"

"Siendi popote. Njoo tu, uingie ndani."

Aliingia kwa pengo, amevaa shati la kanisani, hajui aweke wapi macho. Nilikuwa nimemwambia asizime. Meja alikuja mbio, akasita. Akanusa tangi, usukani, halafu kiti. Kwenye kiti pua yake ilikaa muda mrefu. Kisha akamnusa Kitonga mwenyewe viganja, kifua, shingo, naye maskini akasimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Farasi akainua kichwa akatazama barabara nyuma yake, ikiwa pengine kuna mwingine anafuata. Hakukuwa na mtu.

Ndipo mama alipokuja. Tangu msiba hakuwahi kuikaribia pikipiki ile, hata mtu akimpa lifti alikataa. Aliweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo. Meja akaenda zake kula majani.

"Nizime sasa, Mama Mulinge?" Kitonga aliuliza taratibu.

"Zima, baba. Njoo unywe chai."

Jicho lilipona. Limebaki na kovu jeupe dogo, na daktari anasema kupitia hapo Meja anaona ukungu kidogo, basi. Daktari bado huja Jumatano akipata nafasi, bila kuitwa, na kikaratasi chake mfukoni. Siku za kazi Kitonga huingia kwa pengo kunichukua. Meja huinua kichwa, akaona ni nani, akarudia majani yake. Ameelewa, na mimi namwonea wivu.

Maana juzi tu, pale Voi, nilikuwa namtilia mteja mafuta wakati pikipiki fulani ilipopita barabarani ikikohoa. Nikageuka, shingo nimenyoosha, nikaangalia mpaka ikapotea kwenye mzunguko.

"Dada," mteja akasema, "mafuta yanamwagika."