Chapa ya M Mbili

Katika ukoo ule kila mtoto alipewa jina linaloanza na M, kwa kuwa jina la ukoo nalo lilianza hivyo hivyo. Chanzo kilikuwa kipande cha chuma. Seremala wa kwanza wa nyumba hiyo alifuliwa chapa ya M mbili, na wote waliomfuata waliipasha moto wakaigonga chini ya viti na nyuma ya makabati. Chapa moja iliwatosha, baba na mwana. Hata paka wa karakana aliitwa kwa M, na panya hakuwahi kukamata.

Msichana mmoja alipoolewa humo, mambo hayo yalimvunja mbavu. Siku hizi alikuwa hacheki tena.

Mwanawe wa kwanza aliishi wiki moja tu. Jeneza lilitengenezwa na baba mkwe mwenyewe, Mzee Chapa kama mtaa ulivyomwita, na mzee akaligonga chapa. Mama mtu aliziona M mbili zikishuka kaburini, bado zikinuka moshi. Tangu siku hiyo, akikuta kiti kimepinduliwa, aligeuza uso.

Sasa alikuwa na binti mchanga asiye na jina.

"Chagua lolote," mumewe alimwambia, "ila liwe la M. Unamjua baba."

"Namjua. Ndiyo maana siwezi."

Mume alikuwa mtu mwema, lakini mbele ya baba yake aliufyata. Basi mama akamfunika mtoto vizuri, akaenda karakana peke yake.

Mzee alikuwa akipiga msasa kitanda kidogo cha mtoto.

"Baba, nisamehe. Huyu simpi jina la M. Kila nikimwita nitakuwa namzika mwenzake upya."

Mzee aliweka msasa chini. "Ni ile chapa, sivyo?"

"Niliiona, baba."

"Mkono ulizoea, mwanangu. Nilipozinduka, ubao ulikuwa umekwisha kuungua." Akavielekezea kidole viti vilivyopinduliwa ukutani. "Angalia."

Hakutaka, lakini aliangalia. Kimoja baada ya kingine, vyote vilikuwa vitupu chini, bila chapa. Miaka yote hiyo alikuwa akigeuza uso, asijue.

"Chuma kiko wapi, baba?"

"Kilipopoa nilikilaza miguuni pa mtoto, ndipo nikapigilia mfuniko. Sikumwambia mtu. Nilisema, naye ni fundi wa ukoo huu, asiende mikono mitupu. M ni yake. Huyu mwite utakavyo."

Alipoambiwa jina, mzee alichomoa penseli sikioni, akaichora herufi ya kwanza kwenye ubao wa kichwani wa kitanda kile, akashika patasi. Alichonga polepole, maana hakuwahi kuichonga herufi hiyo maishani mwake.

Mama alisimamisha kiti kimoja, akaketi. Kisha akamtaja mwanawe wa kwanza kwa jina, kwa sauti, mara ya kwanza tangu azikwe.