Jani Mbele ya Bibi Lukresia

Siku waliyomzika Basili, mkewe Elisifa hakulia. Ndiyo, hata chozi moja. Alisimama kando ya kaburi katikati ya migomba kule Uru mlimani, akitazama udongo ukishuka, na kitu pekee alichokiwaza ni kwamba viatu vinambana. Wanawake waliolia mpaka sauti zikakauka walimkata jicho. Mama mkwe wake, Bibi Lukresia, alingoja watu wapungue, kisha akamwambia mbele ya mashemeji: "Aliyeshindwa kumlilia mwanangu asikanyage tena kihamba changu." Kihamba ndilo shamba la ukoo, na humo ndimo wanamozikwa wote. Kwa hiyo Elisifa alifiwa na mume, halafu akafungiwa hata njia ya kaburi lake.

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali! Alirudi kwake mjini, mtaa wa Soweto, na binti yake Hilda wa miaka mitano, akaendelea kufundisha chekechea. Chai aliinywa bila kujua kama ina sukari. Watoto walimwita mpaka wakachoka. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: kwenda kukaa kaburini kwa Basili, labda huko machozi yangemkumbuka. Na njia ya huko ilikuwa mikononi mwa kikongwe mmoja mwenye hasira.

Muhula huo shuleni alikuja Mere, Mmaori kutoka Nyuzilandi, mama mnene mcheshi aliyejitolea kuwafundisha watoto nyimbo na michezo ya kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini mikono na miguu yake ilisema yote. Alipiga mapaja, akakanyaga chini kwa kishindo, akakodoa macho, akatetemesha vidole kama majani kwenye upepo. "Ardhi isikie!" aliwaambia. Wacha wee! Watoto ambao kutwa nzima huambiwa wakae kimya waliikanyaga ile sakafu mpaka vumbi likaruka. Elisifa aliwapigia mapigo kwenye debe. Mikono yake ilipiga sawasawa. Yeye mwenyewe hakuwapo.

Kwa ajili ya siku ya wazazi, Mere aliwafundisha namna watu wake wanavyompokea mgeni. Mtu mmoja hutangulia, macho makali, akaweka jani mbele ya mgeni. Mgeni akiliokota, amekuja kwa amani. Kwao kazi hiyo ni ya shujaa. Hapa akapewa Hilda, kwa kuwa wenzake wote walishindwa kujizuia kucheka.

"Jani gani?" Elisifa aliuliza.

"Lolote la kijani," Mere akajibu.

Asubuhi ya siku yenyewe Elisifa akachuma jani kwenye ua wa shule, akampa mwanawe. Ua wenyewe ulikuwa wa isale. Isale, jamani! Mchagga mzima, aliyezaliwa na kukulia mlimani, asione alichokishika? Tangu utotoni alijua kwamba anayekuletea isale anakuomba msamaha, na humkatalii, hata kama amekuulia ng'ombe. Lakini akili ya mwanamke huyu siku hizo ilikuwa imelala. Aliona ukijani tu.

Bibi Lukresia alikuja kumtazama mjukuu.

"Shikamoo, mama," Elisifa alimwambia.

"Marahaba," akajibu, akiutazama ukuta.

Elisifa akaanza kupiga debe. Hilda akatoka, macho ameyakodoa, anakanyaga, anasimama, anakanyaga. Aliambiwa amwekee jani mgeni mkubwa. Mgeni rasmi alikuwa amekaa katikati na tai yake, akajiweka sawa kabisa. Hilda akampita. Kwake yeye hapakuwa na mgeni mkubwa kuliko bibi. Akainama, akaliweka isale miguuni pa Bibi Lukresia, akarudi kinyumenyume kama alivyofundishwa.

Wazazi wote wakakaza macho miguuni pa kikongwe. Mere peke yake aliendelea kutabasamu. Hapo ndipo Elisifa alipoliona lile jani, na mikono ikaacha debe.

Bibi Lukresia akainua macho kutoka kwenye jani. "Elisifa. Wewe ndiye uliyemtuma mtoto?"

Kusema ndiyo kungetosha. Kwa neno hilo moja angefunguliwa kihamba, na hakuna shemeji ambaye angebisha.

"Hapana, mama," alisema. "Ni mchezo wao. Niliambiwa jani lolote, nikachuma bila kufikiri. Msamaha sijaomba, maana sijui nilichokosa. Basili nilimpenda. Machozi hayakuja, na mpaka leo hayajaja."

Watu wakasubiri matusi. Kikongwe akainama taratibu, kiuno kikimsumbua, akaliokota isale. Watoto, waliokuwa wakingoja hilo tu, wakalipuka kwa wimbo na vishindo. Akasogea mpaka kwenye debe, akamshika Elisifa mkono.

"Mimi siku ile nililia, watu wakanisifu," alimwambia sikioni. "Tangu walipoondoka sijalia tena. Naamka, nakata majani ya ng'ombe, nalala. Sisikii kitu, mwanangu. Jumapili uje. Kaburi limeota magugu, nami nikifika pale nasimama tu."

Elisifa alingoja kitu kiamke kifuani. Hakikuamka.

"Nitakuja, mama," alisema. Wakabaki wamesimama wote wawili, wameshikana mikono, macho makavu, na watoto wakiitikisa sakafu chini yao.