Maji ya Tumbaku

Niyokwizera, msichana aliyesimama mbele ya wanafunzi wenzake, alikuwa ameshaifuta nyanya kwenye sketi yake ya shule. Nilitaka kumwambia asile.

"Kuleni, wanangu," Mzee Anakleti alisema. "Shambani kwangu nyanya haioshwi. Kwangu hakuna sumu."

Wanafunzi wakacheka, wakainama kwenye matuta.

Nilikuwa naishi kwake Ulyankulu tangu mvua zilipoanza kupungua, nikiwa nimetumwa na chuo cha kilimo kujifunza kwa vitendo. Yeye na mkewe, Mama Veridiana, walinipa chumba na kuniita binti yao. Mzee alilima tumbaku kama majirani wote, mpaka alipohudhuria semina ya kilimo hai. Tangu hapo bustani yake iliishi kwa samadi, majivu na mwarobaini, na kila mgeni alilishwa nyanya palepale tutani. Huo ndio ulikuwa ushahidi wake. Jirani yake Masele, mtu wa mbolea ya mfuko na dawa ya dukani, alimwita Padri wa Majivu.

Asubuhi ile, kabla wanafunzi hawajafika, nilikuwa nimepita nyuma ya banda la mbuzi nikakuta ndoo. Ndani yake mlikuwa na maji meusi kama chai iliyochemka mno, na majani ya tumbaku yaliyokamuliwa. Harufu ilikuwa kali. Nikaelewa. Vidukari vilikuwa vimejazana chini ya majani ya nyanya, wageni walikuwa njiani, na mzee hakutaka aibu wala dawa ya dukani. Tumbaku huota ardhini. Kwake hiyo ilitosha kuwa ya asili.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani nikijifunza maneno. Baba, samahani. Baba, kuna jambo. Nilipopata ujasiri wa kutoka, wanafunzi walikuwa uani na mwalimu wao ananiita niwaeleze aina za kilimo. Nikaeleza: huyu anategemea viwanda, huyu anategemea samadi na mzunguko wa mazao, na wote wawili lazima wajiulize kama udongo utawalisha wajukuu. Nilisema huku naitazama mikono ya mzee. Ilikuwa inatetemeka. Alitema mate, akatema tena. Jua lilikuwa bado changa, lakini shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Kisha mzee akawaambia wachume na kula.

Niliichukua nyanya mkononi mwa Niyokwizera. "Usile," nilisema, na wengine hawakunisikia. "Msile!"

Vichwa vikainuka matutani.

"Dafrosa," mzee alisema taratibu. "Unanivua nguo mbele ya watoto?"

"Baba, zimenyunyiziwa maji ya tumbaku. Ni sumu."

Ng'ambo ya ua wa minyaa, Masele aliangua kicheko. "Sumu? Basi mimi ningekuwa nimezikwa zamani! Naivuta tangu sijaota ndevu!"

Wanafunzi nao wakacheka. Mzee hakucheka. "Tumbaku ameiumba Mungu. Haina kiwanda."

"Hata kilimo hai hakiiruhusu, baba. Inapita kwenye ngozi. Tazama mikono yako."

Hakuitazama. Alinitazama mimi, akachuma nyanya iliyoiva kuliko zote, akaipeleka mdomoni polepole ili kila mtu aone. Haikufika. Magoti yalimlegea, akashika mti wa kuegemezea mnyanya, akatapika katikati ya matuta.

"Mana yanje!" Mama Veridiana alimwita Mungu kwa Kirundi, akakimbia. "Umekamua kwa mikono?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Sabuni!" nilipiga kelele. "Leteni maji na sabuni!"

Tulimvua shati, tukamwosha mpaka mabegani. Masele alikuwa ameshawasha pikipiki. Mzee akawekwa katikati, mkewe nyuma akimshikilia, wakaondoka kuelekea zahanati. Mwalimu aliuliza nani ameonja. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nyanya ziliwekwa chini kimyakimya, kama vitu vya mtu mwingine.

Alirudi jioni, mnyonge lakini mzima.

"Shikamoo, baba."

Akapita.

Kesho yake akapita tena. Mama Veridiana alininong'oneza nivumilie, kwamba mwanaume akiaibika ni kama aliyeungua, usimguse. Nilivumilia. Siku hizi mimi ni bwana shamba wa kike, kama wanavyonitania huku Bukene, na nasimama mbele ya wakulima kila mara. Bado, ninapotakiwa kumpinga mtu mzima, hujifunza maneno kwanza kama asubuhi ile. Siku zile mzee alikaa kivulini akiitazama bustani, nyanya zikiiva na kudondoka, na mimi nikaanza kukunja nguo zangu.

Kabla sijaondoka, alinikuta uani naosha vyombo.

"Shikamoo, baba."

Alisimama. Niliona miguu yake tu. Sikuthubutu kuinua macho.

"Ungeniambia ndani."

"Niliogopa."

"Unaniogopa mimi?"

Sufuria ilikuwa safi, nikaendelea kuisugua.

"Wale watoto," alisema, "hakuna aliyeumwa?"

"Hakuna, baba."

Alivuta pumzi ndefu. "Marahaba." Kisha: "Vile vidudu bado vipo. Tunavifanyaje?"

"Maji na sabuni kidogo. Chini ya jani, ndiko vinakojificha."

Aliinama, akaokota kipande cha sabuni kando ya goti langu, akatangulia bustanini.