Majoho ya Kwaya

Kabla ya alfajiri nilisikia cherehani ya jirani yangu Arlène ikilia nyuma ya ukuta. Alifanya kazi peke yake hapa mtaani Doornfontein, na asipomaliza majoho ya kwaya asubuhi hiyo, angempoteza mteja wake mkubwa. Nikamwamsha Brigitte, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, tukaingia na chai.

"Dada, umekuja kuiba mishono yangu?" Arlène akauliza.

"Hii? Nimekuja kuiombea," Brigitte akajibu, akishika sindano.

Akamtania mpaka kukakucha. Ila mshono mmoja uliopinda kweli aliufumua kimya, akaushona upya. Arlène aliona. Wanakwaya walipokwisha kuchukua majoho yao, akatusindikiza mlangoni.

"Dada, urudi Jumamosi," akamwambia Brigitte. "Hata kama ni kunicheka."