Njaa ya Namba Saba

Miaka minne nimesomea njaa ya nge. Kwenye makaratasi ya shahada yangu ya uzamivu imeandikwa kwa heshima zaidi: jinsi nge walivyobadilika vizazi kwa vizazi, wenye magando manene wakategemea nguvu ya kubana, wenye magando membamba wakategemea sumu. Kazi yenyewe ni kumnyima nge chakula wiki tatu, kumwekea mende mbele ya kamera, na kungoja.

Nilibakiza kurekodi pigo moja tu la mkia, la Namba Saba, nge wa mwisho mwenye magando membamba. Msimamizi wangu alikuwa anastaafu Ijumaa; nikilikosa, naanza upya na mtu mwingine. Maabara ilikuwa inapakwa rangi, basi wiki hizo tatu Namba Saba akakaa kwetu, stoo, juu ya kabati. Nilimwonya mama asimguse. Akanijibu kwamba hajachoka kuishi.

Ijumaa nikamrudisha maabara, nikawasha kamera, msimamizi akiwa pembeni. Mende akapita mbele ya magando, akarudi, kisha akampanda Namba Saba mgongoni na kutulia, anajisafisha sharubu. Mwindaji wangu hakutikisa hata mkia. Saa mbili nzima. Msimamizi akavaa koti, akaniuliza kwa upole kama nina hakika huyu halishwi majani, akaniaga.

Nilirudi nyumbani machozi yakinilengalenga, nikamsimulia mama. Akacheka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako: alikuwa akimlisha Namba Saba kila jioni kwa koleo la jikoni, taa ya stoo amezima na kuacha mwanga hafifu wa mlangoni tu, maana aliona mwanga mkali unamsumbua. Mende wa stoo ni wa bure. Na kila jioni, hadi juzi alipoanza kukataa, alisema kwa fahari, mkia unapita juu ya kichwa, unamchoma mende kabla hujapepesa jicho. Pigo la mwisho la miaka yangu minne, mama yangu ameliona mara kumi na tisa.

"Mama, lakini kwa nini?"

"Nilimkuta amejikunyata pembeni, hali, hatembei. Nikajua ni njaa tu. Si ndivyo unavyokaa wewe na hayo makaratasi yako?"

Nge aliyeshiba hukaa miezi bila kuwinda. Hilo nimeliandika mwenyewe, sura ya pili.

Mama akanisogezea sahani. Nilitaka kuisusa, ajue nina hasira, na hasira nilikuwa nayo kweli. Ila tangu jana sikuwa nimetia kitu mdomoni. Nilinyakua kijiko kabla hajaketi.