Mzima Kuliko Mtani

Ukitaka kumkasirisha Mdoe wa Kwedizinga, muulize anaumwa nini. Haumwi. Kwamba moyo wake umetanuka, hilo daktari wa Korogwe alimwonyesha kwenye picha, naye akaitikia kwa adabu, lakini moyo kutanuka ni jambo moja na kuumwa ni jambo jingine. Mgonjwa ni mtu aliyelala kitandani. Yeye ana mahindi shambani yanamsubiri, sasa ugonjwa atautoa wapi?

Kila kitu kilikuwa na maelezo yake. Viatu vilimbana kwa sababu vilinyeshewa vikasinyaa. Alilala ameegemea ukuta kwa sababu chumba kina joto. Njia ya shambani, aliyokuwa akiimaliza bila kugeuka nyuma, siku hizi aliikata kwa vituo: kidogo kwenye mkorosho, kidogo kwa jirani yao Mwatumu, kwa sababu mtu mzima hapiti kwenye nyumba za watu kimyakimya bila salamu. Vidonge vya kupunguza maji mwilini alivitupa juu ya kabati, maana vilimkimbiza vichakani kila alipotaka kushika jembe. Mkewe, Tatu, alisema mpaka akachoka mdomo.

Lakini kipimo chake hasa, alichokiamini kuliko mashine za hospitali, kilikuwa Dunstan.

Dunstan alikuwa mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Unyamwezi, na aliishi kwenye nyumba za zamani za kambi ya mkonge, nje kidogo ya Korogwe. Walikutana kwenye benchi la kliniki ya moyo. Walipoulizana makabila, huyu Mzigua, yule Mnyamwezi, basi, mambo yakaharibika palepale. Ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakukamatia kuku, akacheka msibani kwako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Tangu siku ile hakuna kati yao aliyejibu ukweli alipoulizwa hali.

"Mzee Mdoe, unajionaje ukilinganisha na mara iliyopita?" muuguzi alimuuliza.

Mdoe kwanza alimtazama Dunstan. "Mimi mzima. Muulize huyu maiti."

"Maiti anakusindikiza wewe," alijibu Dunstan. "Mimi siumwi, binti yangu. Nimekuja kumchukua vipimo vya sanda."

Muuguzi alicheka, kisha akawasihi wote wawili wasiache dawa. Mdoe aliziacha, na baada ya hapo aliona aibu kurudi kliniki. Wakabaki kupigiana simu tu. "Hujafa?" "Nakusubiri wewe." Mdoe aliibana simu sikioni akasikiliza jinsi mwenzake alivyovuta pumzi katikati ya maneno, na Mungu amsamehe, alifurahi. Mimi sijafika huko, alijiambia. Akikata simu alijisikia mwepesi, akatoka kwenda kuangalia mbuzi wake.

Asubuhi moja jina la Dunstan likatokea kwenye simu. Mdoe hakungoja salamu. "Wewe marehemu, hujazikwa tu?"

Iliyojibu ni sauti ya Yusta, mke wa Dunstan. "Bado, shemeji. Tunazika kesho."

Mdoe alilia, tena kilio cha kweli, kwa sababu alimpenda yule mtu. Lakini chini ya kilio kulikuwa na kitu kingine kilichomtia aibu, nacho ni kwamba alikuwa ameshinda.

Tatu alimwambia asiende na miguu imemvimba vile. Mtani asiende kuzika! Alipanda basi alfajiri, akashuka Korogwe, akachukua bodaboda mpaka barabara ilipoishia, kisha akapanda kwa miguu kijilima cha kwenda kambini.

Kabla hajaonekana na mtu yeyote, mbwa wa marehemu alisikia. Alikuwa amelala chini ya kochi tangu bwana wake alipokufa, hali wala hanywi. Sasa aliinua masikio, akatoka mbio, akaukimbilia ua wa minyaa pale njia inapokata kona, akitingisha mkia na kulia kwa furaha. Waombolezaji wakanyamaza. Nyuma ya minyaa kulikuwa na mtu anapumua, kwa kukokota, na ndani ya nyumba Yusta aliinuka kwenye mkeka akaita jina la mumewe.

Aliyetokea ni Mdoe, mbwa akimlamba mikono. Nywele zilimsimama, lakini aliguna akasema mbwa ana njaa tu.

Wanawake wakamdaka. "Mtani, umechelewa! Tuletee marehemu tumuage!" Ndiyo desturi yenyewe: mtani huvaa nguo za aliyekufa, akatembea na kusema kama yeye, watu wakacheka, na wafiwa wakapata kupumua. Bonaventura, kaka wa marehemu, akaleta koti jeusi. Mdoe akalivaa.

Alikusudia kumwigiza Dunstan wa kwenye benchi, yule mwenye shingo ngumu na kidole cha kutishia. Alipiga hatua chache uwanjani, kifua kikambana. Akakamata nguzo ya baraza, akainama, akavuta hewa kwa mdomo.

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. "Ndiye! Jamani, ndiye mwenyewe!"

Bonaventura alikuwa anafuta machozi ya kucheka. "Mtani, nani alikwambia kwamba alikuwa anashika nguzo hiyohiyo?"

Hakuna aliyemwambia. Mdoe hakuwahi kukanyaga pale. Akaamua kuacha mchezo, akakaa kwenye ngazi. Watu wakashangilia, kwa maana Dunstan alikaa pale. Vidole vya mguu vilimuwaka, akavua kiatu. "Na kiatu! Alikuwa anavua hichohicho cha kulia!" Akaona kosa ni koti, koti la maiti limemganda, akalivua akalitupa chini. Mama mmoja akapiga vigelegele. "Hata koti alilitupa hivyohivyo, akisema linamkaba!"

Koti lilikuwa chini, na pumzi ile ilikuwa bado inakokota. Mdoe aliisikiliza. Aliijua, ndiyo ile aliyokuwa akiisikia kwenye simu. Akaizuia kidogo ajaribu, nayo ikanyamaza, akaiachia, ikaendelea. Hofu ilimshika mpaka kwenye meno.

"Siigizi," alisema.

Vicheko.

"Nawaambia siigizi. Mimi... naumwa."

Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa mtu yeyote, wala kwa daktari, wala kwa Tatu. Ndilo lililowachekesha kuliko yote. Bonaventura alijishika tumbo, watu wakapiga makofi, mmoja akataka arudie.

Yusta akatoka ndani. Mjane hatoki mkekani kabla ya kuzika, lakini alitoka, kanga ikiburuzika, akawapita watu wote akapiga magoti mbele ya ngazi. Waliokuwa karibu wakadhani na yeye ameingia kwenye mchezo, wakazidi kushangilia.

"Nyamazeni!" alipiga kelele. "Dunstan aliniambia hivyohivyo. Hapahapa alipokaa huyu. Aliniambia, Yusta, naumwa. Mimi nilicheka, nikamwambia aache utani."

Bonaventura alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akaukimbilia mteremko akiita gari, gari, bodaboda, chochote. Wengine walinyamaza mmoja baada ya mwingine, na uwanja mzima ukabaki unamsikiliza Mdoe anavyopumua.