Umekula, Mpenzi?

Medali ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Clifford Ashworth aliishika kiganjani huku ukumbi mzima wa Buxton ukimpigia makofi, naye akamtafuta mkewe kwa macho. Doreen alikuwa ameketi karibu na mlango, koti tayari mwilini.

Yalikuwa mashindano ya programu zinazoongea kama watu: kila mwamuzi aliandikiana kwa kompyuta na wawili asiowaona, mmoja mtu na mwingine programu, kisha akasema yupi ni yupi. Aliyeahidi kukaa kwenye nafasi ya mtu aliugua asubuhi, na Doreen, aliyekuja tu kumbebea mumewe chupa ya chai, akaombwa amshikie nafasi.

"Mimi nitasema nini huko?" aliuliza.

"Wewe kuwa mtu tu," Clifford alimjibu, macho yake kwenye nyaya. "Kwani hilo nalo lina kazi?"

Kumbe lilikuwa nayo. Programu ya Clifford ilihukumiwa kuwa mtu, Doreen akahukumiwa kuwa mashine.

"Wala sikusitasita," mwamuzi, Bi Pargeter, alimwambia Clifford baadaye, wakinywa chai. Alikuwa mwalimu mstaafu, mcheshi, na hakujua Doreen ni nani. "Yako ina moyo, bwana! Kuandika tu kwamba nimechoka, ikaniuliza, 'Umekula, mpenzi? Tumbo tupu huzua mengi.' Nikacheka peke yangu kama mwehu. Lakini ile nyingine, maskini! 'Ndiyo.' 'Sijui.' 'Haidhuru.' Kila nikiiuliza kitu inangoja kwanza, kama haiamini kwamba kuna anayeiuliza. Mtu gani anaongea hivyo?"

Clifford alitabasamu, kisha tabasamu likamkwama. Maneno yale ya tumbo tupu hakuyatunga yeye. Yalikuwa ya Doreen wa zamani, aliyekuwa akisimama mlangoni mwa chumba chake cha kazi, sahani mkononi, akimtania na kusubiri jibu. Clifford aliyaona matamu, akayatia kwenye programu yake, na mwenyewe asiyajibu. Miaka ikapita hivyo, sahani zikawa zinaachwa kwenye ngazi, zimefunikwa, bila neno. Aliona aibu, na chini ya aibu majuto, maana alikuwa amekesha akiifundisha mashine kuongea huku mkewe akisahau.

Garini mvua ilikuwa ikipiga kioo. Doreen alifunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.

"Doreen," Clifford alisema. Sauti ilimtoka ngeni. "Umekula?"

Doreen alimgeukia, akamtazama usoni, kama mtu anayepima.

"Unaniuliza mimi, mzee, au unaijaribu mashine yako?"

"Nakuuliza wewe."

Doreen aligeukia dirisha, akafuta ukungu kwa kiganja cha mkono. Clifford aliuacha ufunguo bila kuuzungusha, akangoja.